Kipande cha Katikati

Kila alasiri Arlène alipotoka shule hakwenda nyumbani kwanza. Alipitia duka la ushonaji la mama yake, kwenye barabara kuu ya Kensington. Alitupa mkoba chini ya meza, akachukua sumaku na kuipitisha sakafuni kuokota pini. Kisha alikusanya mabaki ya vitambaa na kuyatia katika mifuko iliyoandikwa majina ya wateja.

Mama yake, fundi Marcelline, hakutupa hata ukanda wa upana wa kidole. Kila mteja alirudishiwa nguo yake pamoja na mabaki yake yote.

"Watu wanasema mafundi wanakula vitambaa," alikuwa akimwambia Arlène. "Nilipotoka Bukavu sikuja na mali. Hapa Johannesburg niko na jina langu tu."

Wiki hiyo Arlène alikuwa na mashaka, na chanzo chake kilikuwa kazi ya shule. Mwalimu Mabaso alikuwa akiwafundisha habari za kwilti, yaani mablanketi ya viraka ya Marekani. Aliwaonyesha picha nyingi.

"Kwa miaka mingi wanawake wa Marekani wameshona hizi, matajiri kwa maskini, weusi kwa weupe," alieleza. "Juu viraka, katikati pamba, chini kitambaa kizima, halafu tabaka zote tatu zinashonwa pamoja. Wengi waliokuwa watumwa walizuiwa kujifunza kusoma na kuandika, lakini sindano walikuwa nayo. Walikata nguo zilizochakaa wakashona. Baadaye watu walitumia hata magunia ya unga. Leo baadhi ya kwilti hizo zimetundikwa katika makumbusho."

Arlène alipenda zaidi mtindo uitwao kibanda cha magogo. Katikati yake huwa na mraba mdogo mwekundu, na watu wengi husema mraba huo ni moto wa nyumbani. Kanda za kitambaa huuzunguka pande zote, kama kuta.

Darasa lingetengeneza kwilti moja, na kila mwanafunzi angeleta kitambaa cha zamani cha familia yake, akishone kuwa kipande chake na kusimulia habari zake. Zodwa, rafiki yake, alileta ovaroli la babu yake aliyechimba dhahabu. Mwingine alileta gauni la ubatizo. Arlène hakuwa na la kuleta. Mama yake alifika mji huu akiwa na begi moja na mimba. "Sisi hatuna kitu cha zamani," alijiambia, na aliona haya kweli.

Siku ya Jumanne mama alipokwenda kununua zipu, Arlène alitazama rafuni. Kitambaa cha Mama Biubwa, mteja wao kutoka Tanga, kilikuwa pale kimekunjwa, cheupe chenye majani ya kijani. Mwili wa gauni ulikwisha kukatwa, na hicho kilichobaki kilikuwa cha mikono. Arlène alijua vizuri kwamba hayo hayakuwa mabaki. Lakini alichukua mkasi, akakata pembe moja, mraba mdogo tu, haraka haraka. Alikuwa amesahau jambo ambalo binti wa fundi hapaswi kulisahau: kitambaa kilikuwa kimekunjwa. Alipokikunjua alikuta tundu kubwa katikati.

Alikikunja upya, akakirudisha rafuni, akakimbia nyumbani na kipande chake. Alikiloweka katika chai nzito ya rooibos mpaka kikawa cha kahawia, kama nguo iliyokaa sandukuni miaka mingi. Akakata kanda, akaongeza kijitambaa chekundu cha katikati, akashona kibanda cha magogo.

"Hiki kilikuwa cha mama wa bibi yangu," aliliambia darasa kesho yake. "Alikivaa siku ya arusi yake."

Mwalimu Mabaso alikishika kwa mikono miwili. Vipande vilikuwa thelathini na vitano, na cha Arlène ndicho alichokiweka katikati kabisa. Watoto walipiga makofi. Arlène alitabasamu, lakini moyoni hakuwa na raha hata kidogo. Jumamosi asubuhi wazazi wote walikuwa wamealikwa kuitazama kwilti, na mama yake alikuwa ameshasema atakuja.

Alhamisi alasiri Mama Biubwa aliingia dukani kupimwa.

"Shikamoo, Mama Biubwa," Arlène alisema, akiwa ameinamia pini.

"Marahaba, mwanangu. Haya fundi, nipimie mikono, arusi ya mdogo wangu ni keshokutwa."

Marcelline akakikunjua kitambaa juu ya meza. Tundu likawatazama wote watatu.

"Mama Arlène," Mama Biubwa alisema polepole, "kimepita nini hapa?"

"Sijui. Niko naangalia tu, sielewi." Marcelline aliugusa ukingo wa tundu. "Labda mkasi wangu ulikosea. Kama ni kosa, ni langu. Nitatafuta kingine mjini."

"Utakipata wapi? Mama yangu ndiye aliyenipa, kabla hajafa. Watu waliniambia mafundi ni walewale, nikawaambia siyo huyu. Kumbe hata wewe!"

Alianza kukusanya vitambaa vyake. Marcelline hakujitetea, alimsaidia kuvikunja, tepu shingoni. Mama Biubwa alipofika mlangoni, Arlène aliachia sumaku ikaanguka.

"Ni mimi!" alisema. "Mama hajui kitu. Mimi ndiye nilikata." Akaeleza yote huku akilia, mpaka habari ya chai.

Marcelline alikaa kitini. Mama Biubwa naye alirudi akaketi.

"Nisamehe, fundi," alisema. "Nimekutukana bure." Kisha akamgeukia Arlène. "Na wewe, nirudishie vipande vyangu."

Ijumaa asubuhi Arlène alisimama mbele ya darasa akasema ukweli. Ilikuwa vigumu kuliko mtihani wowote. Mwalimu Mabaso alifungua droo, akampa kifumulio, kile kifaa kidogo cha kukatia nyuzi za mshono.

"Kifumue mwenyewe," alisema. "Na saa nne uniletee kipande cha kweli, au pale katikati pabaki wazi."

Mama yake alikuwa amekwisha kumpa hicho kipande, kwa sababu tangu jana alijua swali hilo litakuja. Alikuwa ameivua aproni yake ya kazi na kuukata mfuko wake wa mbele kwa mkasi wake mwenyewe. Mfuko huo ulikuwa viraka vitupu: pazia la chumba chao cha kwanza, sketi ya Arlène ya darasa la kwanza, na shati jekundu ambalo mama alilivaa safarini.

"Eish, Arlène! Si tulikwisha maliza!" Zodwa alilalamika wakati wa mapumziko. Lakini alivuta kiti, akatunga uzi. Wengine wakafuata, wakaizunguka meza kama wale wanawake wa kwenye picha. Shati jekundu likawa moto wa katikati.

Jumamosi asubuhi kwilti ilining'inia ukumbini. Mama Biubwa alikuja akipitia njiani kwenda arusini. Gauni lake lilikuwa na mikono mifupi iliyoongezwa kwa kanda za kahawia, kwa kuwa rangi ya chai haikutoka.

"Tangu nitoke nyumbani wote wananiuliza nani amenibunia mtindo huu," alicheka. Kisha akamkabidhi Arlène mfuko wa mabaki ulioandikwa "Mama Biubwa". "Haya mabaki nakupa mimi. Mshonee mama yako mfuko mwingine wa aproni."

Arlène alimtazama mama yake kwanza, kama anayeomba ruhusa. Marcelline aliitikia kwa kichwa, akamshika bega.

"Uliona aibu kwamba hatuna historia, ukaenda kukata ya mwenzako," alimwambia. "Yetu ni ndogo, lakini ni yetu. Ukisimulia ya kweli, hutaogopa ni nani anaingia mlangoni."

Wazazi walikuwa wakiingia. Arlène alisogea karibu na kipande cha katikati, akaanza kusimulia.