Wilaya Moja, Majimbo Mawili

Jumapili katika kijiji cha Saint-Paul, kusini mwa Ufaransa, Firmin Rouzaud hukagua mizabibu yake asubuhi, hubishana na mkewe mchana, kisha hulala. Jumapili hii hakulala. Wazazi wa Jordi, mchumba wa binti yake Maguelone, walikuja kula. Ili kuwapendeza, Firmin alitundika langoni bendera ya Wakatalani, yenye mistari ya njano na nyekundu.

"Karibu, mkwe," alimwambia Sauveur, baba yake Jordi, mtu wa Thuir, mji wa Wakatalani. "Hapa sote Wakatalani."

Sauveur aliikazia macho bendera. "Wewe? Wewe ni gavatx, kama babu yako."

Ndivyo Wakatalani wanavyomwita mtu wa ng'ambo ya vilima, upande wa kaskazini, na si kwa kumsifu. Firmin aliwaka. Alisema wilaya yao ni moja, makao makuu yao wote ni Perpignan, na asiyeridhika, mlango ni ule. Sauveur aliacha konokono wakipoa kwenye sahani. Akasema harusi hiyo haipo, akaondoka na mkewe.

Maguelone hakulia. Alikasirika kuwashinda wazee wote wawili. Alimkokota baba yake hadi kwa jirani, Bi Arlette, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye huzungumza na watu wazima kana kwamba hawajaleta kazi ya nyumbani.

Bi Arlette alimwambia Firmin kwamba wilaya si jimbo. Majimbo ni ya zamani. Kusini ya vilima ni Roussillon, nchi ya Wakatalani, iliyokuwa chini ya mfalme wa Hispania hadi mwaka 1659. Huku kwao, Fenouillèdes, kulikuwa sehemu ya jimbo la Languedoc, chini ya mfalme wa Ufaransa karne nyingi kabla ya hapo. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, wachora ramani waliishona Fenouillèdes na Roussillon, wakapata wilaya moja.

"Kijiji cha jirani kinaitwaje?" aliuliza.

"Latour-de-France. Mnara wa Ufaransa."

"Na kama hapa pasingekuwa na mpaka, wangekiita hivyo kwa nini?"

Firmin alikuna kichwa. "Basi bibi yangu alikuwa akisema lugha gani?"

"Kioksitani, lugha ya Languedoc. Ulidhani Kikatalani kibovu?"

Ndivyo Firmin alivyodhani maisha yake yote.

Aliiteremsha bendera, akaendesha gari hadi Thuir, bado amenuna. Alimkuta Sauveur akifoka peke yake jikoni. Wiki hiyo mkoa wao wa Languedoc-Roussillon, uliokuwa umeunganishwa na mwingine, ulipewa jina jipya, Occitanie, yaani nchi ya Waoksitani.

"Umekuja kunicheka?" Sauveur aliuliza.

"Hapana. Jina hilo ni langu, si lako. Roussillon si nchi ya Waoksitani. Wamekumeza, na hawakukuachia hata silabi."

Sauveur aliacha kufoka. "Nani kakufundisha?"

"Jirani. Kwa ukali."

Sauveur alimsogezea kiti kwa mguu. Wakawalaani wakubwa wa mkoa mpaka chupa ikaisha.

Harusi ilifungwa Septemba. Wazee wawili walikaa meza moja wakifoka pamoja, kila mmoja kwa ajili ya jimbo la mwenzake, na Maguelone anasema hajawahi kuwaona na furaha kiasi kile.