Si Chicha, ni Jibini

Kila asubuhi Mwanasiti alikamua mbuzi wake. Kila jioni aliyamwaga maziwa yao nyuma ya nyumba.

Hayo yalikuwa mambo ya kawaida katika nyumba moja ya Baleni, kisiwani Mafia, zamani za utawala wa Wadachi, yaani Wajerumani. Watoto walikunywa kidogo asubuhi. Jirani akiugua, alipelekewa kikombe. Yaliyobaki yalikaa chunguni mpaka joto likayaharibu. Inaniudhi hata kuandika. Nyumba haina kitoweo, na maziwa yanamwagwa!

Kitoweo hakikuwapo kweli. Ilikuwa masika, njia ya pwani imejaa matope, na wachuuzi wa samaki hawakufika Baleni. Mume wa Mwanasiti, Mfaume, alikuwa mkwezi wa minazi. Alishinda juu ya minazi, akarudi na njaa kali. Akakuta muhogo wa kuchemsha. Kesho yake wali mkavu. Keshokutwa muhogo tena.

Jioni moja Mfaume aliisukuma sahani.

"Muhogo mtupu! Na nini hiki kinachonuka?"

"Maziwa yamechacha, baba watoto. Nakwenda kuyamwaga."

"Mbuzi wako wanakula majani ya muhogo wangu. Wananilia usiku kucha. Na faida yao ni kumwagwa! Nyumba hii ina mbuzi mmoja tu mwenye faida, ile mbuzi ya kukunia nazi. Hiyo haili wala hailii."

Watoto walicheka. Mwanasiti hakucheka.

"Basi nimekwisha zungumza na ndugu yangu Hemedi," Mfaume aliendelea. "Ijumaa anakuja na kamba. Atawachukua wote, wachinjwe kwenye karamu ya harusi yake."

Mwanasiti alisimama. Mbuzi wale aliwarithi kwa marehemu mama yake. Hakuwa na mali nyingine duniani.

"Umemwahidi mali ya nani?"

"Mali ya nyumba hii."

"Ya nyumba hii! Mama yangu alipokufa alikuachia weye? Nenda kamuulize mwalimu yeyote wa chuo cha Kurani. Mali ya mke ni ya mke."

"Nimekwisha toa neno. Unataka niaibike mbele ya ndugu yangu?"

"Na mimi nikinyang'anywa na mume wangu, hiyo si aibu?"

Mfaume akatoka na kuubamiza mlango. Sheria aliijua vizuri sana. Aliijua, akaikalia. Watu wa namna hiyo wapo hata leo, na msomaji anawajua kwa majina.

Makelele yale yalivuka ua wa makuti. Upande wa pili aliishi Bi Zuleikha, mama mtu mzima ambaye mababu zake walitoka Omani. Alikuwa na minazi mingi na ulimi mkali. Asubuhi alipiga hodi kwa nguvu.

"Shikamoo, Bi Zuleikha."

"Marahaba. Nimekuja kukugombeza."

"Nimekosa nini tena?"

"Maziwa! Kila jioni nasikia unamwaga. Mumeo ana makosa, na weye una makosa. Anataka kukunyang'anya mbuzi kwa kuwa haoni faida yao. Na faida yenyewe unaimwaga kwa mkono wako!"

"Nifanye nini? Maziwa hayalali."

"Yageuze jibini. Unaijua jibini?"

"Naisikia. Chakula cha Waarabu."

"Chakula cha mwenye mbuzi! Sasa sikiliza, maana nimechelewa matangani." Bi Zuleikha alieleza amesimama pale pale mlangoni. "Chemsha maziwa. Epua. Kamulia ndimu mpaka yakatike. Kisha chuja kama tui. Tia chumvi. Umekwisha pata kitoweo."

Akaondoka mbio.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. "Chuja kama tui." Kila mwanamke wa Mafia anajua kuchuja tui. Anakuna nazi, anatia maji, anakamua kwa kifumbu, kile kichujio cha kusuka. Tui linashuka chunguni, nalo ndilo la kupikia. Chicha inabaki ndani ya kifumbu, nayo wanapewa kuku.

Mwanasiti alifuata neno kwa neno. Alichemsha maziwa, akaepua, akakamulia ndimu. Maziwa yakakatika. Aliogopa, kwa sababu tui likimkatikia mpishi ni aibu yake. Lakini alikwisha ambiwa, akaendelea. Alimimina kwenye kifumbu na kukamua kwa nguvu zote. Maji ya manjano yakashuka, akayatia chumvi. Mabonge meupe yaliyobaki aliwatupia kuku. Kuku waligombana mpaka manyoya yakaruka.

Mfaume aliporudi alipakuliwa wali na yale maji. Akaonja.

"Nini hiki?"

"Jibini."

"Jibini!" Akayatema. "Haya ni maji ya kuoshea vyombo yaliyotiwa ndimu! Naiona Ijumaa iko mbali. Hemedi angekuja leo hii!"

Mwanasiti aliinuka. Alijitanda kanga akavuka ua. Bi Zuleikha alikuwa ndiyo kwanza amerudi.

"Bi Zuleikha, umenifanyia mzaha?"

"Mzaha gani?"

"Maji yako ya ndimu yamenitia aibu mbele ya mume wangu!"

"Maji? Nani kakwambia umpe maji? Mabonge yako wapi?"

"Ile chicha? Nimewapa kuku."

Bi Zuleikha alijishika kichwa. "Kuku! Umewalisha kuku jibini!"

"Si weye uliyesema nichuje kama tui? Tui hushuka, chicha hutupwa. Mimi nimezaliwa Baleni, sikuzaliwa Maskati!"

Bi Zuleikha alikumbuka alivyosema pale mlangoni. Neno lilikuwa lake mwenyewe. Akakasirika zaidi, safari hii akijikasirikia nafsi yake. Anayefundisha mguu ndani mguu nje hajafundisha kitu. Hilo nalisema mimi, na nina wenzangu wengi ambao ningependa walisikie.

"Kesho nakuja mwenyewe," alisema Bi Zuleikha. "Na nitakaa kitako."

Kesho yake alikuja mapema, kabla mbuzi hawajakamuliwa.

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Na kiwele cha mbuzi umekiosha?"

"Nimekipangusa kwa kanga yangu."

"Kanga uliyoivaa tangu jana! Kioshe kwa maji safi ya vuguvugu, ukikaushe kwa kitambaa safi. Uchafu ukiingia maziwani, mtaula nyinyi wenyewe."

Mwanasiti aliosha, huku amenuna. Alikamua, akayatia maziwa chunguni, akawasha moto.

"Yaache mpaka yachemke sawasawa," alisema Bi Zuleikha. "Usije ukatumia maziwa mabichi. Mbuzi anaweza kuonekana mzima, na maziwa yake yakakulaza kitandani kwa homa."

Maziwa yalipopanda, Mwanasiti alikiepua chungu. Akasubiri kidogo. Kisha akakamulia ndimu kidogo kidogo, akikoroga taratibu. Maziwa yakakatika. Mabonge meupe yakajitenga na maji.

"Sasa acha kukoroga. Funika. Yapumzike." Bi Zuleikha alitoa kipande cheupe cha nguo ya marekani. "Hiki nimekichemsha na kukianika juani. Kifumbu tukiachie nazi. Matundu yake makubwa, na hakisafishiki vizuri."

Walimimina kila kitu ndani ya kitambaa. Walikifunga na kukitundika kwenye boriti, bakuli likiwa chini. Maji yakawa yanadondoka. Bi Zuleikha alikiinua kile kifurushi mpaka usoni kwa Mwanasiti.

"Hiki ndicho chakula. Kwenye nazi tunatwaa kinachoshuka. Kwenye jibini tunatwaa kinachobaki. Sema!"

"Kwenye jibini tunatwaa kinachobaki."

"Sema tena."

"Bi Zuleikha, mimi si mtoto wa chuoni!"

"Kuku wako hawakuona tofauti."

Mwanasiti alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka. Lakini hakuzisahau kamba za Hemedi. Ijumaa ilikuwa inakuja.

Maji yalipokwisha kudondoka, alichanganya jibini na chumvi. Akaifunga tena kwenye kitambaa, akaiweka kwenye sahani safi na kuikandamiza kwa jiwe lililooshwa. Ilipotoka ilikuwa imeshikana vizuri, unaweza kuikata kwa kisu.

"Ifunike, nzi wasiiguse," Bi Zuleikha alimwambia. "Iweke mahali pa baridi, na uile leo au kesho. Ikinuka vibaya, usimpe mtu. Na yale maji usiyamwage. Kandia unga wa chapati."

"Nitaipikaje?"

"Utakavyo! Iponde na kitunguu, pilipili na ndimu, upake juu ya vipande vya muhogo. Hicho ni cha kuonja wakati chakula kinaiva. Asubuhi ile kwa chapati na asali kidogo. Ukitaka kitoweo, ikate vipande uikaange kwa mafuta ya nazi."

"Haitayeyuka?"

"Jibini ya ndimu haiyeyuki. Inakuwa nyekundu nje kama samaki wa kukaanga. Halafu itie kwenye mchuzi wa nazi au kwenye kisamvu, lakini mwisho kabisa, isije ikavurugika."

Siku zilizofuata Mwanasiti alitengeneza jibini mwenyewe. Ya kwanza ilizidi chumvi. Ya pili aliitia ndimu nyingi, ikawa kali. Hakumwambia Mfaume neno. Aliwapa watoto waonje, nao walilamba vidole. Mfaume hakuuliza kitu. Hata salamu walikuwa wanapeana kwa shida.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala Mfaume alikuja na ndugu yake Hemedi. Kamba zilikuwa begani kwa Hemedi.

"Karibu, shemeji," alisema Mwanasiti. "Kuleni kwanza."

Alileta sahani ndogo ya muhogo uliopakwa jibini iliyopondwa kwa pilipili. Hemedi alitwaa kipande, akatwaa cha pili, akaisogeza sahani upande wake. Kisha ukaja wali wa nazi na bakuli la mchuzi. Ndani ya mchuzi vilikuwamo vipande vyekundu vilivyokaangwa. Wanaume wawili wakala mpaka bakuli likafika nusu.

"Samaki umempata wapi?" Mfaume aliuliza mwishowe.

"Si samaki."

"Nyama gani basi?"

"Mmekula mbuzi."

Mfaume alisimama. Macho yalimtoka. "Umechinja! Umemchinja mbuzi niliyemwahidi ndugu yangu! Bila kuniambia mimi!"

"Weye uliwagawa wote bila kuniambia mimi," alijibu Mwanasiti. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Uchungu wake umeuona?"

"Mwanamke weye!"

"Nenda bandani ukahesabu."

Mfaume alitoka mbio mvuani. Alirudi amelowa, na hasira imemwishia njiani.

"Wote wapo," alisema.

"Wapo. Mliyokula ni maziwa yao, maziwa niliyokuwa nayamwaga. Nilikosa, na sasa nimejifunza. Kesho mbuzi hao watatoa tena, na keshokutwa pia. Wangechinjwa leo, watu wangekula mara moja wakafuta midomo."

Hemedi aliliweka tonge chini. Alimgeukia ndugu yake.

"Ngoja kwanza. Kaka, mbuzi hawa ni wa nani? Mimi uliniambia ni wako."

Mfaume alijitia kukung'uta maji nguoni.

"Mjibu ndugu yako," alisema Mwanasiti.

"Ni wake," Mfaume alinong'ona.

"Sikusikia. Na watoto hawakusikia," alisema Mwanasiti.

"Ni wa Mwanasiti!"

Sasa zamu ya kukasirika ilikuwa ya Hemedi. "Yaani ulitaka kunilisha haramu kwenye harusi yangu? Niwaite watu, wasome dua, niwapakulie mali ya mwanamke aliyenyang'anywa? Wallahi, kaka, umenitia haya!" Akazitwaa kamba zake. Akamwomba radhi shemeji yake, akaenda zake. Karamu yake aliipika kwa kuku.

Mfaume aliomba radhi baadaye, kwa maneno machache yasiyotoka vizuri. Mwanasiti aliyapokea, lakini hasira yake haikuisha siku ile wala wiki ile. Msimlaumu. Mimi naona alikuwa na haki.

Tangu hapo maziwa hayakumwagwa tena katika nyumba ile. Watoto walinenepa. Masika yalipokata njia ya pwani, chungu hakikukosa kitoweo. Wanawake wa Baleni walikuja na maziwa yao kujifunza, naye Bi Zuleikha aliwafundisha amekaa kitako, akiwagombeza mmoja mmoja.

Mfaume mwenyewe aliezeka banda la mbuzi kwa makuti mapya. Siku moja alikuwa juu ya mnazi alipopita mchinjaji kutoka Kilindoni. Mtu yule aliwaona mbuzi walivyonona, akamwita Mfaume na kumuuliza kama wanauzwa.

"Usiniulize mimi!" Mfaume alipiga kelele kutoka juu. "Mwenyewe yumo ndani. Piga hodi!"

Mwanasiti alitoka, akamtazama mchinjaji, akasema hawauzwi.