Moshi wa Tanuri la Damas

Erica alikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari mjini Dodoma. Mumewe, Damas, alikuwa mchoma matofali. Walikaa Nkuhungu na binti yao Ritha, mwenye umri wa miaka sita. Mwaka ule, 1994, watu wengi walikuwa wanajenga. Biashara zilikuwa zimefunguliwa kwa watu binafsi, na kila aliyekuwa na kibanda alitaka kuwa na duka. Damas alikuwa na kazi nyingi.

Tanuri likiwaka, moshi uliingia mpaka chumbani. Ritha alikohoa. Hata shuleni Erica aliona kwamba wanafunzi wanaotoka upande ule walikohoa zaidi kuliko wengine. Alitaka kujua ndani ya moshi ule kuna nini. Vitabu vyake vya shahada ya kwanza havikumjibu. Akaamua kusoma shahada ya pili, upande wa kemia ya hewa.

Aliomba chuo kikuu mara mbili. Mara zote mbili alikataliwa.

Jioni moja alikwenda kwa jirani yake, Mzee Swalihu. Mzee huyu alikuwa mpimaji wa hali ya hewa kwa miaka ishirini na minane.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

Erica akampa nakala ya maombi yake. Mzee Swalihu akavaa miwani, akasoma.

"Umeandika, 'Nataka kusoma uchafuzi wa hewa ili niisaidie nchi yangu,'" alisema. "Uchafuzi gani? Wa wapi?"

"Moshi wa matofali. Hapa hapa."

"Mbona hukusema? Shahada ya pili si kukaa darasani tu, mwanangu. Utafanya utafiti, na lazima awepo mtu wa kukusimamia. Tafuta kwanza mwalimu wa chuo anayeshughulikia jambo lako, umwandikie. Mweleze swali lako na umwonyeshe umeanzaje kulitafutia jibu. Ukimpata, ndipo unajaza fomu. Halafu tafuta wadhamini wawili wanaoijua kazi yako. Na mwajiri wako umwombe ruhusa ya masomo mapema."

"Nitaanzaje kupima, mzee? Sina mashine."

"Shuleni kwenu hamna mizani ya maabara?"

"Ipo."

"Basi unayo mashine."

Walipanga pamoja. Erica aliweka chupa sita zenye midomo mipana juu ya nguzo, kila moja na maji safi ndani. Chupa tatu zilikaa mashariki ya tanuri, tatu magharibi, upande wenye nyumba. Mzee Swalihu alikuwa amemweleza kwamba majira yale upepo hutoka mashariki. Chochote kitakachoanguka kutoka hewani kitabaki ndani ya maji. Baada ya siku thelathini atayakausha maji na kupima kilichobaki.

"Lakini Dodoma ni vumbi tupu," Erica alisema. "Nitajuaje lipi vumbi, yapi masizi?"

"Wewe ndiye mwalimu wa kemia."

Erica akafikiri. "Nikikichoma kilichobaki kwenye bakuli la kauri, masizi yataungua. Udongo utabaki."

Mzee Swalihu akacheka. "Unaona?"

Siku ya kumi na tisa, chupa moja ya magharibi haikuwepo. Erica aliikuta nyumbani, nyuma ya mlango, tupu.

"Nimeitoa mimi," Damas alisema. Hakumtazama. "Wenzangu wananisema. Wanasema mke wangu anataka tufungiwe kazi. Sisi tutakula nini, mama Ritha?"

Erica aliumia. Akasema, "Baba Ritha, mimi bado sijui jibu. Huenda ni vumbi tu. Ningekuwa najua, nisingepima. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa jibu."

Asubuhi Damas aliirudisha chupa kwenye nguzo na kuijaza maji. "Si ni chupa moja tu?" aliuliza. "Andika namba inayolingana na za jirani zake. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Siku thelathini zilipotimia, Erica alipima chupa tano. Zote zilikuwa na vumbi jingi. Lakini masizi yalikuwa mengi katika chupa za magharibi. Za mashariki zilikuwa nayo kidogo sana. Aliyaandika yote kwa Dakta Emilia, mtafiti wa chuo kikuu ambaye Mzee Swalihu alilikuta jina lake kwenye ripoti moja ya moshi wa kuni. Kuhusu chupa ya sita aliandika hivi: "Ilitolewa siku ya kumi na tisa. Sina namba yake."

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Erica alilisoma amesimama.

"Napata barua nyingi zenye namba nzuri," Dakta Emilia aliandika. "Yako imenieleza hata kilichoharibika. Mtu wa namna hiyo naweza kufanya naye kazi. Jaza fomu, uandike kwamba nimekubali kukusimamia."

Safari hii maombi yalipita. Mwajiri alimpa ruhusa ya masomo ya miaka miwili. Kabla Erica hajaondoka, Damas alimwomba amwonyeshe karatasi yenye namba zile. Aliiangalia kwa muda mrefu. Kisha aliwaita wenzake wanne, wakakubaliana kuhamishia matanuri upande wa magharibi wa makazi, mbali na nyumba, ili upepo uupeleke moshi porini. Kazi haikufungwa. Walitembea hatua mia nne zaidi, basi.

Ritha alibaki na baba yake. Msimu uliofuata alikohoa siku chache tu.

Mwaka 1997 Erica alirudi na shahada yake ya pili. Mtendaji wa kata alimwalika aeleze utafiti wake mkutanoni. Alieleza kwa lugha nyepesi masizi ni nini, yanaingiaje kifuani, na kwa nini tanuri lisijengwe upande unakotoka upepo. Wachoma matofali wengine walisema nao watahamisha.

Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, moshi tumeelewa. Na hili vumbi tunalokula kila siku?"

"Hilo sijalipima vya kutosha, mama," Erica alijibu. "Naanza Jumatatu. Naomba nyumba kumi za kuweka chupa."

Mikono iliyonyooshwa ilizidi thelathini.