Vipimo vya Keza

Kompyuta ya marehemu Usumani iliwaka yenyewe saa tisa alasiri, na waya wake ulikuwa umekunjwa juu ya kabati.

Mukashema aliuona ule mwanga, akaendelea kuchambua mchele. Tangu wamzike mumewe, mwezi wa tano sasa, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi; hata nyoka angepita sebuleni angempisha. Usumani alikuwa fundi cherehani pale mtaa wa Gisimenti, na kwa kuwa mikono yake haikukaa bure, vipimo vya wateja alivitaja kwa sauti, kompyuta ikavirekodi. Sauti yake haikubaki kwingine.

"Keza," sauti hiyo ikaita.

"Abee, baba," binti akaitika, macho kwenye daftari.

"Kifua ishirini na sita."

Harufu ya udi ikajaa sebule nzima, na udi haukuwamo nyumbani. Mukashema akatwaa futi, akampima mtoto. Ishirini na sita kamili. Baba yake alimwacha na ishirini na tano.

"Unaiitikia tangu lini?" akanong'ona.

"Tangu Ramadhani. Si ulinifundisha mwenyewe, mama? Mtoto akiitwa, asikae kimya."

Alimfundisha kweli, tena kwa makofi. Lakini malezi hayo yalikuwa na nusu ya pili, ambayo mama mkwe hakuchoka kuirudia, na ambayo Mukashema, Mkristo wa Kabuga aliyeolewa kwa Waislamu, aliiona porojo tupu: sauti isiyo na uso haiitikiwi, maana jini humnyang'anya sauti anayemjibu. Nusu hiyo hakumfundisha mtoto.

Kesho yake asubuhi akamwita Cyusa, fundi wa kompyuta.

"Mama, nikibonyeza hapa inarudi vile ilitoka kiwandani," Cyusa alisema. "Sauti za mzee zote zinakwenda. Hakuna kuzirudisha. Tufute?"

"Futa."

Hakulia. Alikaa kitini akatazama asilimia zikipanda, kumi, arobaini, tisini, na kila moja ikiondoka na kipande cha mumewe, mabega ya mtu fulani, kiuno cha mtu fulani, kikohozi chake katikati ya namba, mpaka kioo kikawa cheupe kikauliza mwenye kompyuta anataka lugha gani. Cyusa akaizima, akaenda zake. Afadhali, Mukashema alijiambia, mtoto amepona.

Saa tisa kompyuta haikuwaka. Keza alikuwa ameketi sebuleni mkabala na mama yake, anamenya ndizi.

"Mama," Keza akaita kutoka chumbani.

Mukashema alimtazama huyu wa mbele yake. Mtoto aliweka ndizi chini, akafungua kinywa, mishipa ya shingo ikamsimama, pumzi tupu ikatoka, akajaribu tena na tena huku machozi yakimtiririka, na ule udi ukaanza kunukia polepole kutoka chini ya mlango wa chumba.

"Mama, njoo nikupime."

Ilikuwa sauti ya binti yake, ile ya kuamka na homa, ile ambayo hakuna mama anayeiacha iite mara mbili. Miezi mitano Mukashema hakuwa amesikia uchungu wowote. Sasa aliusikia wote kwa pamoja.

Ikaita mara ya tatu. Akamvuta mtoto kifuani, akauma upindo wa kitenge chake asije akaitika.