Vikombe Vinane vya Safi

Habari ya maziwa ilinifikia kabla ya maziwa yenyewe. Ilikuwa mwezi wa Machi, mwaka 1965, nami nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya bomba la maji, hapa mtaani kwetu Kabondo. Jirani yangu Kadidja aliweka ndoo yake chini akaniinamia sikioni.

"Mama Safi, umesikia? Maziwa ya unga ambayo wataleta masomoni, wanasema iko na sumu. Wazungu wanalipiza ya vita."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu ni watu, mama. Miye nakuambia kwa sababu uko na watoto."

Nilimcheka kidogo, nikajitwika ndoo yangu. Lakini neno lile lilinifuata mpaka nyumbani. Nilipokuwa nikitwanga sombe, majani ya muhogo, nililisikia, nilipokuwa nikifua nililisikia tena. Mwaka uliotangulia, wakati wa uasi, tulikuwa tumeona kwa macho yetu mambo ambayo zamani tungesema hayawezekani. Sasa ningejuaje kwamba hili haliwezekani? Kufikia jioni nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilimwita binti yangu Safi, nikamwambia, "Siku maziwa yatakapokuja, usionje hata tone." Na kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa linaniwasha mdomoni, kesho yake niliwaambia na mama wengine wawili.

Safi alikuwa na miaka kumi na miwili, mwaka wa tano wa masomo. Kila siku akirudi alivua sare yake akaenda nyuma ya nyumba, kwa Tonton Asumani, mdogo wa baba yake, ambaye ni fundi wa bati. Kazi haikumpungukia Asumani wakati ule. Vita vilipopita, nyumba nyingi hazikubaki na sahani wala kikombe. Kilichoweza kubebwa kilibebwa, kwanza na hawa, kisha na wale. Basi watu walimletea Asumani makopo matupu, naye aliwafanyizia vyombo. Kopo dogo la nyanya lilikuwa taa. Kopo pana lilitobolewa kwa msumari likawa chujio. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa kikombe: alikata mdomo wake kwa mkasi wa bati, akaukunja juu ya waya ili usikate midomo ya mtu, kisha akalehemu mkono uliotokana na kipande cha bati kilichobaki. Hakutupa kitu. Hata karatasi za makopo Safi alizibandua polepole akafunikia madaftari yake.

Asumani alikuwa na sheria moja, na alimkumbusha Safi kila juma.

"Kopo lenye karatasi yake linakuwa kikombe. Kopo lisilo na karatasi linakuwa taa. Kwa nini?"

"Kwa sababu taa hainywewi, Tonton."

"Bon. Chukua majivu, sugua."

Siku moja mwalimu wao, Madamu Odile, aliwatangazia kwamba maziwa yataanza kutolewa Jumatatu. Kila mwanafunzi alipaswa kuja na kikombe chake, maana vikombe vya shule navyo vilikuwa vimeibwa. Asiye na kikombe angekaa pembeni. Watoto wengi waliinamisha vichwa. Safi akasimama.

"Madamu, mimi nitaleta vikombe vinane vya wenzangu."

Darasa likacheka. Évariste, aliyekaa nyuma yake, akasema, "Vinane? Kwenu mnavipanda?"

"Cheka tu. Jumatatu utakunywa sufuriani kama bata."

Germaine, aliyeketi naye dawati moja, alimvuta nguo. Wazazi wa Germaine walikuwa wamejificha msituni miezi minne, wakarudi na mkeka mmoja na chungu kimoja. "Safi, mimi niko katika hao wanane?"

"Wewe ni wa kwanza," Safi akamwambia.

Ahadi ilikuwa nzuri, lakini kwa Asumani makopo ya maziwa yalikuwa matano tu. Alhamisi alizunguka mtaa mzima akiulizia. Ijumaa alifika mpaka misheni. Hakupata hata moja. Angeweza kumwambia Madamu, "Nimepata matano." Hakutaka. Alisikia kile kicheko cha darasa masikioni mwake.

Haya yanayofuata niliyajua baadaye. Jumamosi aliniambia anakwenda kutafuta kuni, kumbe alishika barabara ya Banalia mpaka kwenye shamba moja la kahawa ambalo mwenyewe alikuwa amekimbia. Mlango wa stoo ulikuwa umevunjwa. Juu ya ubao alikuta makopo matatu yenye vifuniko, bati lao jipya, linang'aa. Ndani mlikuwa na unga mweupe. Kwenye karatasi palikuwa na kichwa cha mfu na mifupa miwili, na chini yake neno la Kifaransa la sumu, ambalo mtoto wa mwaka wa tano analisoma bila shida. Alilisoma. Kisha akamwaga ule unga majanini, akachana karatasi, akayaosha makopo kijitoni kwa mchanga, mara tatu. Kichwa kilimuuma njia nzima ya kurudi.

Jumapili alizibandua karatasi tatu za maziwa kwenye madaftari yake, akapika uji mzito wa muhogo, akazibandika juu ya yale makopo matatu. Alizipanga vizuri sana. Mikono yake ni hodari, hilo siwezi kumnyima.

Asumani alichukua kopo la kwanza, akatazama karatasi, akanusa.

"Kopo hii iko na harufu ya tungulu saumu."

"Mama alikuwa ameweka vitunguu saumu ndani yake, Tonton."

"Alors, karatasi yake iko," Asumani akasema, akashika mkasi.

Alikata yote matatu, lakini alimaliza moja tu. Alilalamika kwamba jua limempiga kichwani, akaviacha vikombe viwili kikapuni bila mikono. Jumatatu asubuhi Safi alikwenda shuleni na vikombe sita. Kwa kuwa Germaine alikuwa wa kwanza, alipewa nafasi ya kuchagua. Akachagua kile kilichong'aa kuliko vyote.

Saa nne na nusu Kadidja aliingia uani kwangu mbio.

"Mutoto wa Augustine, Germaine, ameanguka masomoni. Wamemchukua zahanati. Maziwa, Mama Safi. Si nilikuambia?"

Nilimwachia Asumani mtoto wangu mdogo Feruzi, nikakimbia pamoja na Kadidja. Germaine alikuwa amelazwa kwenye mkeka, kichwa chake mapajani mwa mama yake, Augustine. Mate yalimtoka kama povu, jasho limelowesha nguo, na nyama za mikono zilikuwa zikirukaruka zenyewe chini ya ngozi. Papa Cyprien, muuguzi, alikuwa amepiga goti mbele yake.

"Amekula nini leo?"

"Maziwa," wanawake wakajibu pamoja. Na mimi nilisema. Nasema kweli, sauti yangu ilizidi za wengine. "Maziwa, Papa Cyprien. Ilijulikana tangu juma lililopita."

Madamu Odile alikuwa amesimama ukutani, chaki bado iko vidoleni. "Watoto arobaini wamekunywa kutoka sufuria moja," alisema. "Mimi mwenyewe nimekunywa."

"Ulimtilia sumu yeye peke yake," mama mmoja akasema.

"Kwa nini nifanye hivyo, mama?"

"Wewe ndiye unajua."

Baba mmoja aliyekuwa mlangoni akasema tuache maneno, aitwe askari. Mwaka ule kuitiwa askari halikuwa jambo dogo. Kuna walioitiwa ambao hatukuwaona tena.

Papa Cyprien hakumtazama mtu. "Sikilizeni. Niko na sindano moja ambayo inaweza kumsaidia, kama ni sumu ya aina fulani. Kama si hiyo, sindano yenyewe inaweza kumuua. Dawa ni chupa moja tu. Nataka mtu aniambie mtoto huyu amegusa nini. Si kile mlichosikia. Kile mnachojua."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyejua kitu.

"Si maziwa."

Nikageuka. Safi alikuwa ameingia nyuma yetu.

"Safi, rudi nyumbani," nikamwambia.

"Mama, si maziwa. Ni kikombe."

"Nyamaza, mutoto."

"Mwache aseme," akasema Papa Cyprien.

Akasema. Alisema yote kwa sauti ndogo, bila kulia, macho yake kwa Germaine: stoo, unga, karatasi, uji wa muhogo. Papa Cyprien alimkatiza mara moja tu.

"Karatasi ya kwanza ilikuwa na picha gani?"

"Kichwa cha mfu na mifupa miwili. Dawa ya wadudu wa kahawa."

Muuguzi alifunua kope la Germaine akatazama jicho lake. Mboni ilikuwa imesinyaa, ndogo kama tundu la sindano. "Ndiyo sumu yenyewe," akasema, akaenda kwenye kabati. Alipokuwa akivuta dawa aliuliza bila kugeuka, "Vilikuwa vikombe vingapi hivyo?"

"Vitatu. Viwili viko nyumbani."

Asubuhi ile nilikuwa nimeviona kikapuni, nikachukua kimoja, nikakiweka juu ya kifuniko cha mtungi wa maji, nikisema moyoni kwamba hata bila mkono kitafaa kuchotea. Na Feruzi, mwenye miaka miwili, alikuwa uani.

Sikumbuki njia nilivyoipita. Nilimkuta Asumani ameketi, kitambaa kimefungwa kichwani. Feruzi alikuwa chini karibu na mtungi, kikombe kiko mbele yake, akikipiga kwa kijiti.

"Amekinywea?" nikauliza.

"Nini?"

"Kikombe. Amenywa maji kwa kikombe hicho?"

"Hapana. Anapiga ngoma tangu ulipotoka. Kichwa changu kinakufa kwa ngoma yake."

Nilimnyang'anya, nikamwosha mikono kwa sabuni mara mbili huku akilia. Asumani naye nilimwamuru aoge mwili mzima. Maji ya mtungi niliyamwaga mbali, katika shimo.

Germaine alipigwa sindano, kisha akapigwa tena kutoka chupa ile ile. Mpaka jua lilipotua alikuwa bado anatetemeka, na Safi alikaa nje ya zahanati, hakuna aliyemwambia aondoke wala abaki. Usiku ule Augustine hakuongea nasi. Siku ya tatu Germaine alikunywa uji, akauliza kama wamekwisha kufanya mtihani wa hesabu.

Alhamisi Asumani alivikusanya vikombe vyote vinane uani. Alimwita Safi, akachukua nyundo, akaanza kuvibonda kimoja kimoja mpaka vikawa bapa.

"Tonton, hivi vitano ni vya maziwa kweli," Safi akasema.

"Nani anasema?"

"Karatasi yake ili..."

Asumani aliweka nyundo chini. "Sikiliza, Safi. Kazi yetu ni kuchukua kilichotupwa tukakifanya kitu. Hakuna haya ndani yake, na ahadi yako kwa wenzako ilikuwa ya moyo mwema. Lakini mtu anayepokea kikombe hawezi kuona kilichokuwa ndani yake jana. Anatutegemea sisi tu tumwambie. Ungesema, 'Nimepata vitano,' darasa lingecheka dakika moja. Ulikosa nguvu ya dakika moja, na mwenzako alikuwa karibu kufa. Umenielewa?"

"Ndiyo, Tonton."

"Na miye nilinusa, nikajua si harufu ya maziwa, nikafuata karatasi. Kosa hilo ni langu, sikupi wewe."

Alizika vipande vyote kwa kina, mbali na kisima. Kisha wawili hao walikwenda pamoja na chifu wa mtaa mpaka lile shamba la kahawa, mlango wa ile stoo ukapigiliwa misumari. Kwa wale watoto wanane Safi alitafuta vibuyu, akavikata, akavikwangua, akavichemsha. Kazi hiyo ilimchukua siku tisa, vidole vikatoka malengelenge. Cha kwanza alimpelekea Germaine nyumbani kwao. Augustine alikipokea mlangoni, akakigeuzageuza, akauliza, "Hiki kimetoka wapi?" Safi akamwambia kimetoka kwenye mche uliopandwa na nani, uani kwa nani. Augustine akasogea, akamwachia njia aingie.

Na mimi nilikwenda shuleni, nikamwomba Madamu Odile radhi mbele ya mama wale wale niliowaambia neno la maziwa. Hakunirahisishia. Alisema, "Mama Safi, siku nyingine uje uniulize mimi kwanza." Kesho yake Safi alikunywa maziwa pamoja na wenzake.

Ninyi mnaosoma, mnaotengeneza vitu kwa makopo na chupa za kuokota, haya msiyafanye:

Msitengeneze chombo cha kula au kunywea kwa kopo msilojua lilikuwa na nini.

Msiguse kabisa kopo lenye picha ya kichwa cha mfu, hata likiwa tupu, hata likiwa jipya. Kuosha hakutoshi. Unga hujificha kwenye mshono wa bati.

Msimwage dawa ya wadudu majanini wala mtoni.

Msibandue karatasi ya chombo kimoja mkaibandika kwenye kingine.

Msitie mafuta ya taa, dawa au sabuni ya maji katika chupa ya limonadi.

Msiingie katika stoo au nyumba zilizoachwa na wenyewe.

Msiahidi vinane mkiwa na vitano.

Mtu akiugua, msimwambie muuguzi mliyoyasikia bombani. Mwambieni mliyoyaona, na mseme upesi.