Kioo cha Mnara wa Tavira

"Nguo zimeanikwa," redio ilisema sikioni mwa Candela Vélez. "Anua kabla ya mvua."

Maana yake: kinyago cha dhahabu kinatoka nchini leo. Kizuie.

Chini ya koti alikuwa na bastola ya Glock. Mkononi, chapati ya uduvi ndani ya karatasi yenye mafuta, bado ya moto. Alipanda ngazi za Mnara wa Tavira mbili mbili.

Zamani matajiri wa Cádiz, mji huu wa bandari wa Uhispania, walikaa kwenye minara hii kuchungulia meli zao zikirudi. Siku hizi juu kuna chumba cha giza, na darini kioo kinachoishusha taswira ya mji mzima, ikiwa hai, juu ya meza nyeupe ya mviringo.

Paqui, mwanamke mnene anayekiongoza kioo, alikuwa akiwachekesha wageni.

"Umekuja tena, mwanangu? Mji huu hujauchoka tu?"

"Nionyeshe ufuko wa Caleta, Paqui."

Paqui akavuta kamba. Kuba la njano la kanisa kuu likateleza mezani. Mapaa yakafuata, na shuka zikipigwa na levante, upepo mkali wa mashariki. Kisha ufuko, na njia ya mawe iendayo ngome ya San Sebastián.

Watu watatu walitembea juu yake, wadogo kama punje za mchele. Wa katikati alivaa skafu nyekundu.

Fermín Barrios. Ndiye aliyemfundisha Candela kazi ya upelelezi. Mwezi mzima alijifanya mnunuzi kwa wafanya magendo waliokizamia baharini kile kinyago cha kale cha Wafoinike. Tangu jana redio yake ilikuwa kimya.

Paqui hakujua lolote. Alichomeka kipande cha karatasi chini ya taswira ya yule wa katikati, akamwinua. Ndio mchezo wake wa kila siku.

"Huyu tumempandisha cheo," alisema. Wageni wakacheka.

Candela alinong'ona redioni, akaomba watu wapelekwe ngomeni. Mkuu wake, Arjona, alijibu kwamba watu alionao wote wako bandarini, na magari matatu meupe yanaingia kwenye meli ya kwenda Visiwa vya Kanari. Fermín alikuwa ameahidi kulitia alama paani gari lile lenye kinyago. Paa huonekana kutoka juu tu.

"Lipi, Candela? Meli inafunga mlango."

Kioo hakina macho mawili.

Juu ya karatasi, Fermín alifungua skafu yake akaiachia upepo. Alama hiyo alimfundisha mwenyewe: usinifuate.

Alijua Candela yuko mnarani.

"Geuza," Candela alisema. "Bandarini."

Paqui akavuta kamba. Fermín akateleza hadi ukingoni mwa meza, akatoweka.

Magari. Mapaa. Msalaba wa rangi ya buluu.

"La katikati."

Vijitu vikalizunguka gari. Milango ikafunguka bila sauti. Dereva akalala kifudifudi.

"Nguo zimeanuliwa," Arjona alisema. "Kazi safi."

"Rudisha Caleta, Paqui."

Wawili walikuwa wakirudi. Polepole, kama watu waliotoka kupunga hewa. Mmoja alisimama akawasha sigara, mwenzake akimkingia upepo.

Candela alitaja makoti yao redioni, la kahawia na jeusi, na akaagiza wasubiriwe mwisho wa njia.

Paqui aliitafuta njia yote kwa karatasi yake.

"Na yule mwenye cheo kaenda wapi?"

Candela akafunga vifungo vya koti. Akamwachia ile chapati, iliyokwisha kupoa, akashuka ngazi moja moja.