Kinyooshi na Jina la Waitness

Asubuhi ya uzinduzi ndegerangi zilipaa juu ya mji wa Moshi, kila moja na brashi yake mguuni, zikaanza kunyoosha Kiingereza cha watu. Ni ndege ndogo zisizo na rubani. Ubongo wao ni Kinyooshi, mashine inayosoma kila neno la Kiingereza mjini, kwenye vibao na kwenye kumbukumbu za serikali, na kufuta lolote lisilo kwenye kamusi.

Kazi ilikwenda mbio. "Beuty Saloni" ikawa "Beauty Salon". "Pancher" ikawa "Puncture", na mzee mmoja akapita hapo mara mbili akisukuma pikipiki yake, akiuliza fundi pancha kahamia wapi. Mgahawa wa "Chipsilicious", jina ambalo mwenyewe alilibuni kwa kuunganisha "chips" na "delicious", ukageuka "Chips Malicious", yaani chipsi zenye nia mbaya. Wateja walisoma, wakaghairi.

Katika ukumbi wa manispaa, Meya Kimambo alipiga makofi mbele ya skrini kubwa. Pembeni yake alisimama mhandisi aliyeunda mashine hiyo, Waitness Elifuraha, amevimba kichwa kidogo, na alistahili.

Mara skrini ikasimama.

"Neno 'Waitness' halipo," Kinyooshi ikasema kwa upole. "Chagua Witness, yaani shahidi, au Waitress, yaani mhudumu wa mgahawa. Usipochagua, nitachagua mwenyewe na kulifuta la zamani kila lilipoandikwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Waitress, hebu tuletee chai basi!" meya akatania.

Waitness hakucheka. Tangu shuleni aliwaambia watu kwamba wazazi wake walimngoja miaka mingi, ndipo wakaunganisha "wait" na "ness", kama wenzao walivyounda Loveness na Prayness. Kinyooshi hukubali neno jipya likithibitishwa na aliyelibuni. Akampigia mama yake, sauti ikasikika ukumbi mzima.

"Shikamoo, mama. Hebu iambie mashine mlivyobuni jina langu."

"Marahaba. Kubuni? Hatukubuni kitu, mwanangu. Tulitaka Witness, kama shangazi yako. Baba yako alikosea kuandika."

"Baba? Mwalimu wa Kiingereza?"

"Huyo huyo, aliyesahihisha hadi kadi za harusi za watu kwa kalamu nyekundu! Siku uliyozaliwa alijaza karatasi huku analia kwa furaha. Nikamwambia akarekebishe, akagoma. Akasema, 'Liache hivyo hivyo. Kila nikilisoma naikumbuka siku ile.' Mpaka anafariki hakutaka liguswe."

"Kosa limethibitishwa," Kinyooshi ikasema. "Nimechagua Witness. Nafuta."

Cheti cha kuzaliwa kikatokea kwenye skrini, mwandiko wa Mwalimu Elifuraha umepinda vibaya. Ile herufi "a" ikaanza kufifia. Waitness aliona aibu, kisha akamkumbuka baba yake kwa uchungu ambao hakuutarajia mbele za watu. Akainama, akashika waya mkuu wa umeme wa Kinyooshi kwa mikono miwili, akauchomoa.

Skrini ikawa nyeusi. Nje, ndegerangi zikashuka taratibu juu ya mabati ya maduka.

"Imeharibika?" meya akauliza.

"Hapana, mheshimiwa," Waitness akasema, akifuta machozi kwa kiganja. "Imesema kweli tupu, ni kosa. Ila liachwe hivyo hivyo."